Jike mweupe kwa dume wa buluu: mbona weupe wametoka wawili tu?

Fuoni_Tangi
Assalaam alaykum wadau wa samaki wa mapambo. Nina suala limenikalia kichwani tangu juzi.

Tangi langu ni la lita 300, ndani mna sokolofi watupu (wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, jike hulea mayai mdomoni), wa buluu na weupe mchanganyiko. Jike mkubwa ni mweupe pee, macho mekundu. Nilimnunua Dar, akaja kwa boti ndani ya mfuko wa oksijeni. Dume mwenye tangi, yaani anayewafukuza wenzake wote, ni wa buluu wa kawaida. Jike alipobeba mayai mdomoni mara ya kwanza nilimkamua mwenyewe, yaani nilimfungua mdomo nikawatoa, nikapata vifaranga 20, wote wa buluu. Nikasema haya. Uzao wa pili nimehesabu 30: wa buluu 28, weupe wawili.

Aliyeniuzia alinambia kwa kinywa chake, "changanya mweupe na wa buluu, utapata nusu kwa nusu." Sasa nusu gani hii? Mwenye elimu anifahamishe. Mke wangu anasema weupe wengine nimempa paka.

Chaza_Mkavu
Lita 300 na umeme huu wa kukatika katika? Yakhe una moyo. Paka naye ana riziki yake.

Konvikti_Wete
Waalaykum salaam. Aliyekuuzia ama hajui ama alitaka samaki watoke dukani. Weupe wa macho mekundu huwa ni jeni ya kujificha. Kila kifaranga hupewa nakala moja na baba na nyengine na mama. Ili awe mweupe, nakala zote mbili ziwe zile zilizoharibika. Akipata moja nzima, rangi inatoka kama kawaida, huwezi kumjua kwa macho.

Mweupe kwa wa buluu safi wanatoka wa buluu watupu, lakini kila mmoja amebeba weupe kwa siri. Ukiwaoanisha wabebaji wawili, robo ya watoto huwa weupe. Mbebaji na mweupe ndio wanaotoa ile nusu kwa nusu.

Mie nimeyaona kwa konvikti, wale samaki wa mistari myeusi, hapa Wete. Jike wa waridi kwa dume wa mistari, watoto wote wakatoka na mistari kama wafungwa. Nikawaacha wakakua, ndugu kwa ndugu wakazaana, wakatoka wa waridi kumi katika thelathini na kitu. Najua kumi imepita robo, bahati ina mkono wake. Na tuelewane, konvikti wa waridi si albino hasa, macho yake meusi, ila urithi wake unakwenda mwendo huo huo.

Fuoni_Tangi
Shukran @Konvikti_Wete. Uzao wa kwanza umeniingia akilini. Hawa wawili wa pili je? Kama dume wangu ni safi, walitakiwa wasitoke kabisa. Kama ni mbebaji, watoke kumi na tano. Wawili ni hesabu ya nani?

DarKioo
Mkuu, hao wawili sio albino. Samaki wadogo ukiwalea kwenye kisanduku cheupe, chini pametupu, juu taa kali, wanapauka. Wape mchanga mweusi wiki mbili utaona wamerudi buluu. Mimi wateja wananirudishia samaki kila siku eti wamefifia, kumbe ni chini ya tangi pameng'aa.

Bint_Jangombe
@DarKioo kupauka kupo kweli, samaki hujifananisha na pahala alipo. Lakini macho hayapauki. Fuoni_Tangi, hebu chukua tochi ya simu uwamulike pembeni. Kama mboni nyekundu, hilo si suala la mchanga.

Fuoni_Tangi
Nimemulika. Mekundu kama ya mama yao. Na 28 wote macho meusi.

DarKioo
Basi nimekaa.

Bint_Jangombe
Usikae, tunakuhitaji kwa bei za pampu.

Mie nitasema jambo moja ambalo kwetu si la samaki. Mtoto wa dada yangu ana ualbino. Baba mweusi, mama mweusi, koo zote mbili hakuna anayemkumbuka mwengine. Watu walisema kila walilolisema, na shemeji yangu maneno yale yalimuuma zaidi kuliko alivyoonesha. Hospitali wakatueleza hivi hivi alivyoeleza Konvikti: kila mzazi kabeba nakala moja bila kujijua. Makadirio yanayotajwa sana kwa Tanzania ni mtu 1 kati ya 1,400. Ukiipiga hesabu hiyo unakuta wabebaji ni kama 1 kati ya 20. Daladala moja ya Jang'ombe haikosi mtu. Sasa hivi yuko skuli, kofia yake, miwani yake, mafuta yake, na darasani anawaongoza wenziwe.

Kwa hiyo mtu akinambia "haiwezekani, baba yake wa buluu", namtazama tu.

Maalim_Bandamaji
Allah amhifadhi, @Bint_Jangombe.

Kwenye hili mnanikumbusha hadithi mashuhuri ya bedui aliyemwendea Mtume (SAW) akilalamika kuwa mkewe kazaa mtoto mweusi. Akaulizwa: una ngamia? Ndiyo. Rangi zao? Wekundu. Hamna hata mmoja wa kijivujivu? Yumo. Huyo katokea wapi? Bedui akasema, labda asili yake imemvuta. Akaambiwa: basi na mwanao huenda asili imemvuta.

Wafugaji wa ngamia waliijua habari hii kabla hamjapata majina yake. Samaki wa Fuoni nao asili imewavuta, kwa nini kumtafutia jike mashaka?

Chaza_Mkavu
Maalim kamtetea jike sokolofi kama wakili. Ila huyu jike si bibi harusi, na tangini mna madume mangapi? Swali hilo hajaulizwa mwenyewe.

Mwanafunzi_Tunguu
Samahani kwa kuingilia, mie nasoma baiolojia. Hadithi ya Maalim inaeleza vizuri weupe kutoka kwa wazazi wenye rangi. Kesi ya Fuoni ni nyengine: mama tayari ni mweupe, kwa hiyo nakala moja mbovu ni ya uhakika kwa kila mtoto. Kinachoamua ni baba peke yake.

Tuseme baba ni mbebaji. Kila kifaranga ni kama kurusha shilingi. Kupata 20 wa buluu mfululizo ni moja kwa 1,048,576. Kisha katika 30 kupata weupe wawili au pungufu ni kama moja kwa milioni mbili na laki tatu. Yote mawili kwa baba huyo huyo? Hapana. Na akiwa safi kabisa, weupe wangekuwa sifuri. Kwa hiyo dume mwenye tangi hawezi kuwa baba wa wote 50. Kuna mwengine.

Chaza_Mkavu
Nilisema mie. Bila shilingi.

Konvikti_Wete
@Mwanafunzi_Tunguu hesabu yako nzuri, lakini umehesabu waliotoka hai. Weupe wana udhaifu. Macho hayaoni vizuri, mwanga unawasumbua, chakula wanakifikia mwisho. Wangapi walikufa mapema wakaliwa na wenzao, au mama akawameza? Mfugaji huona waliobaki tu.

Mwanafunzi_Tunguu
Nimelifikiria hilo. Ili waliobaki wawe 28 kwa wawili, na mwanzo walikuwa sawa kwa sawa, basi weupe 26 wamekufa. Maana yake mama alibeba 56 mdomoni. Huyo jike ana urefu gani?

Fuoni_Tangi
Kama sentimita tisa na mkia wake.

Bint_Jangombe
Hamsini na sita kwa mdomo ule? Angekuwa na mashavu ya mpiga tarumbeta. Mie wangu wa ukubwa huo hawajawahi kunipa zaidi ya thelathini na tano.

Konvikti_Wete
Haya, si wote 56. Lakini msiifute kabisa. Mayai mengine hufa siku za mwanzo na hayaonekani.

Kiembesamaki_Boy
Nimesoma uzi wote. Mmesahau jambo la msingi: tuna hakika ni aina moja ya samaki? Ziwa Nyasa lina samaki weupe wa asili, wale callainos, wana weupe wao wa kuzaliwa na macho meusi, si albino hata kidogo. Wauzaji wengine wakiona cheupe wanaandika albino. Na mbuna, yaani samaki wa mawe wa Ziwa Nyasa kama sokolofi, wa jamii zinazokaribiana huzaana tangini bila kuulizana, na watoto wao wanazaa vizuri tu. Ukishachanganya damu, hesabu za robo na nusu usizitegemee sana.

Halafu nyie wa bara mnasema sokolofi ni wa kwetu Mbamba Bay. Si kweli, asili yake ni upande wa Msumbiji.

DarKioo
Nani alisema Mbamba Bay?

Kiembesamaki_Boy
Wewe, kwenye tangazo lako la mwezi uliopita.

DarKioo
Ziwa ni moja mkuu, maji hayana pasipoti.

Fuoni_Tangi
@Kiembesamaki_Boy jike macho mekundu, nishasema. Dume ni buluu ya unga, pezi la juu lina ukingo mweusi. Nimelinganisha na picha nyingi, ni sokolofi.

Kuhusu madume: mkubwa ni huyo mmoja. Wapo wa buluu wengine wawili wanaojificha nyuma ya mawe, na yupo mweupe mdogo kama sentimita sita, sijui hata ni dume au jike.

Mwanafunzi_Tunguu
Mweupe mdogo! Mbona hukusema tangu mwanzo?

Fikirieni. Akiwa dume, huyo na mama mweupe wanatoa weupe watupu. Mkubwa anacheza na jike juu ya jiwe, mdogo anapita chini kwa kasi anamwaga mbegu, mayai mawili yanapata bahati. 28 wa mkubwa, wawili wa mdogo. Hesabu inafungika bila muujiza. Na si jambo geni, watafiti wamewachunguza mbuna wa ziwani wakakuta vifaranga wa mdomo mmoja wana baba zaidi ya mmoja.

Konvikti_Wete
Au mmoja wa wale wa buluu waliojificha ni mbebaji, akapata mayai manne, mawili yakatoka buluu mawili meupe. Nayo inafungika.

Mwanafunzi_Tunguu
Inafungika. Kwa macho huwezi kuzitenga.

Bint_Jangombe
Sentimita sita bado kijana.

Chaza_Mkavu
Dada, vijana wa sentimita sita ndio wabaya.

Maalim_Bandamaji
Astaghfirullah. Mie najiuliza jengine. Jike mwenyewe hachagui? Wanyama wengi jike ndiye mwenye neno.

Kiembesamaki_Boy
Anachagua, Maalim, na anachagua kwa rangi. Kuna utafiti mashuhuri wa Ole Seehausen na wenzake, 1997, juu ya samaki wa Ziwa Victoria. Penye mwanga safi majike hufuata madume wa rangi ya jamii yao. Maji yakichafuka rangi zisionekane, uchaguzi unalegea na jamii zinachanganyika. Mmoja wa samaki waliowasoma ni Pundamilia nyererei. Ndiyo, kapewa jina la Mwalimu, mwaka 1985, na hilo Pundamilia ni Kiswahili chetu.

Sasa jike albino mwenyewe haoni vizuri. Anachagua kwa nini hapo? Kwa harufu? Kwa mtikisiko wa maji? Pengine kwake mkubwa na mdogo ni mamoja.

Chaza_Mkavu
Samaki wa Nyerere uwekwe tangi la Fuoni, tutaanza suala la Muungano hapa hapa.

Mod_Kasuku
Hatutaanza.

Mvuvi_Konde
Mie sifugi kwenye vioo, nafuga perege bwawani. Ila mkizungumza kuchanganya samaki, kisiwa chetu kina historia. Wale perege wanaoitwa hornorum, asili yao mto Wami huko bara, waliletwa Unguja, na wengi ng'ambo wakawajua kwa jina la perege wa Zanzibar. Mbegu ya hapa ikapelekwa Malaka, huko Malaysia. Mtafiti mmoja, Hickling, akachukua dume wa Zanzibar akampa jike wa perege wa aina nyengine, mossambicus, na 1960 akaandika kilichotokea: watoto wote madume. Si nusu, wote. Wafugaji duniani wakafurahi maana dume hukua haraka, na bwawa halijai vitoto.

Ninachosema, kuzalisha aina mbili si mara zote ni robo na nusu. Kuna mengine ya jinsia yamefungwa humo humo.

Mwanafunzi_Tunguu
Shukran @Mvuvi_Konde, hili hatukufundishwa na liko kwetu! Lakini tusichanganye: la Hickling ni mfumo wa jinsia wa aina mbili tofauti. Weupe wa albino haujafungwa na jinsia, hutoka kwa dume na jike sawa.

Konvikti_Wete
Na rangi nazo si zote zinazojificha. Yule samaki midas wa maziwa ya Nikaragua, dhahabu ndiyo inayotawala. Nakala moja inatosha. Na vifaranga wake huzaliwa wa kijivu wote, baadaye ndiyo wengine wanageuka dhahabu ukubwani. Ukimhukumu mtoto siku ya kwanza unaumbuka. Fuoni, hao 28 wasije wakakugeukia nao.

Mwanafunzi_Tunguu
Kwa albino hapana. Huonekana mapema sana, kifaranga akiwa bado na kiini cha yai tumboni. Wa kawaida macho yanakuwa nukta nyeusi, albino yanabaki ya waridi. @Fuoni_Tangi uzao ujao mkamue jike mapema kidogo, kama siku ya kumi na mbili, wahesabu hapo. Ndipo tutajua kama weupe walikuwa wengi wakafa au walikuwa wachache tangu asili.

Bint_Jangombe
Ukiwakamua mapema utahitaji chombo cha kuwazungusha maji taratibu, na pampu ya hewa yenye betri. Umeme ukizima usiku wanaoza wote. Mie yalinikuta mwezi wa Ramadhani, nimelala baada ya daku, naamka kisanduku kinanuka.

Fuoni_Tangi
Pampu ya betri ninayo.

Pemba_Enjeli
Nimechelewa kufika. Suala moja dogo tu. Ulipowatoa hao 30 uliwaweka wapi? Kuna jike mwengine aliyekuwa amebeba wakati huo?

Fuoni_Tangi
Kisanduku cha kuning'inia ndani ya tangi. Ndiyo, alikuwepo jike wa buluu naye kakamuliwa wiki ile ile, vifaranga wake wako upande wa pili wa kisanduku. Kuna kizuizi katikati, cha plastiki yenye matundu.

Chaza_Mkavu
Uzi umeanza upya.

Pemba_Enjeli
Matundu ukubwa gani?

Fuoni_Tangi
Madogo. Kifaranga mwenye kiini hapiti. Aliyekwisha kiini na kukonda… pengine.

Mwanafunzi_Tunguu
Huyo jike wa buluu ulimnunua wapi?

Fuoni_Tangi
Duka lile lile la Dar. Siku ile ile.

Pemba_Enjeli
Basi anaweza kuwa mbebaji, ndugu wa huyo mweupe. Na ukimpa dume mbebaji, robo. Upande wake mna weupe?

Fuoni_Tangi
Hamna hata mmoja. Wako 17, wa buluu.

Pemba_Enjeli
Ndiyo maana nauliza. Au walikuwepo wawili wakavuka.

Bint_Jangombe
Weupe wawili tu ndio wavuke, wa buluu wasivuke hata mmoja? Hao weupe wasioona vizuri ndio wakaipata njia?

Pemba_Enjeli
Wa buluu wakivuka utawajuaje? Amehesabu 30, nani kasema 30 wote ni wa mama mweupe?

Bint_Jangombe
Hapo umenishika.

Mwanafunzi_Tunguu
Ila angalieni, hata hiyo ya kuvuka inahitaji dume mbebaji au mweupe aliyemfikia jike wa buluu. Kwa vyovyote yule mkubwa si peke yake.

Konvikti_Wete
Dawa ni moja. Tangi la pembeni, jike mweupe, dume mkubwa, hakuna mwengine. Mara mbili wazae. Weupe wakitoka hata mmoja, sote tumekosea.

Kiembesamaki_Boy
Dume mmoja jike mmoja kwa mbuna? Atamuua. Weka majike matatu ya buluu na mawe mengi, dume awe huyo mmoja.

Konvikti_Wete
Majike ya buluu ndiyo tena wabebaji wanaoshukiwa! Tutarudi hapa hapa.

Kiembesamaki_Boy
Mkamue mmoja mmoja, kila mmoja na ndoo yake. Tatizo lilikuwa kisanduku, majike hawana kosa.

Maalim_Bandamaji
Na taa ipunguzeni kwa ajili ya weupe, wekeni hata mimea ya kuelea. Kiumbe anaumizwa na mwanga, isiwe tunatafuta elimu kwa mateso.

Fuoni_Tangi
Nimeshafunika nusu ya juu, Maalim. Tangi la pembeni ninalo la lita 100, nitamtoa yule mweupe mdogo kwanza, ila wa buluu wawili nyuma ya mawe kuwakamata lazima nivunje mawe yote. Mke wangu kasema mawe nikiyatoa yasirudi sebuleni.

DarKioo
Wakati mnabishana, wale 28 wa buluu unauza? Maana kama mama yao ni mweupe, wote wabebaji kwa uhakika. Mimi ninao wateja wanaotaka kuzalisha weupe wenye macho imara. Naweza kukupa bei ya samaki wa kawaida.

Fuoni_Tangi
Kama ni wabebaji, kwa nini bei ya kawaida?

DarKioo
Kwa sababu mteja hawezi kuwaona, mkuu. Nitamuonyesha nini?

Pemba_Enjeli
Na kama kizuizi kilipitisha, si wote 28 ni wa mama mweupe. Fuoni usiuze kwa neno "uhakika".

Chaza_Mkavu
Mwambie atawauzia nusu kwa nusu.

Fuoni_Tangi
Siuzi mpaka jike abebe tena. @Bint_Jangombe hicho chombo cha kuzungusha maji ulikinunua au umetengeneza?

Bint_Jangombe
Nimetengeneza kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu, wavu wa chandarua na mpira wa pampu. Njoo na chupa yako Jumamosi, mpira usisahau, wangu umebaki mmoja.